Baba mkwe hanyamazi uwanjani, na mwezi ujao tumepangwa pamoja tena

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Tudor, Mombasa, na kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Gofu nimeingizwa na baba mkwe. Yeye ndiye aliyenidhamini klabuni, akanilipia ada ya kujiunga, na fimbo nilizoanzia zilikuwa zake. Watu hushangaa wakitukuta baada ya mchezo tumekaa meza moja, mtu na baba wa mkewe, tunakunywa chai na kucheka. Najua wengi hawajaaliwa hilo. Ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kufungua mdomo kwake.

Siku za kawaida akinielekeza napokea, tena nashukuru. Taabu ni mashindano. Yeye ana kadi yake ya kuandikiwa mapigo, mimi nina yangu, lakini kila nikisimama mbele ya mpira nasikia sauti nyuma yangu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mashindano ya Stableford, yale ya kupata alama kila shimo, mapigo machache alama nyingi, mashimo 18. Tulitoka saa mbili asubuhi, watu wanne, tukarudi saa saba na nusu. Hendikepu yangu, yaani mapigo ya nafuu ninayopewa, ilikuwa 17, yake 23, na yeye ndiye aliyeandika kadi yangu. Mashimo 9 ya kwanza nilipata alama 17. Mtu angeniambia mapema kwamba nitarudi na 34 ningeridhika kabisa. Mashimo 9 ya pili nikaambulia alama 9. Jumla 26.

Shimo la 11, pa ya 4 (mapigo yanayotarajiwa), nimeshainua draiva, fimbo ya kupiga mbali, akasema, "Kiuno, kiuno, usikifungue mapema." Mpira ukaenda kulia vichakani. Nilitaka kupiga wa pili pale pale kwenye tii, tulipoanzia shimo, akasema, "Twende, nimeuona." Tulitafuta tukaukosa. Nikarudi hadi kwenye tii kwa miguu, kundi la nyuma limesimama linanitazama. Nikamaliza kwa mapigo 7, alama sifuri.

Shimo la 13 ni pa ya 3, mita 135. Kusi lilikuwa linapiga usoni, bendera imenyooka. Nikashika fimbo namba 5, inayopeleka mpira mbali kuliko namba 7. Akasema, "Saba hiyo! Kijana kama wewe, nguvu unazo." Nikarudisha namba 5 mkobani. Nikaipiga saba kwa nguvu zote, mpira ukapanda juu, ukasimama hewani, ukaanguka kwenye bunka la mbele. Mapigo matatu ndani ya mchanga, pati mbili za kuusukuma shimoni, mapigo 6. Sifuri nyingine.

La 14 kunguru alishuka akauchukua mpira wangu kwenye nyasi fupi, sote wanne tunaona. Baba akasema nidondoshe mwingine kwa pigo moja la adhabu. Nikafanya hivyo, nikatoka na mapigo 6, alama moja.

Kufikia la 17 alikuwa amenyamaza, nadhani aliniona uso. Huko ndiko nilikoharibu kupita kote. Mpira nikaupiga kichwani, yaani juu yake, ukatambaa, wa pili vivyo hivyo, mwisho nikauokota. Kedi wangu, anayenibebea mkoba, hakusema neno mchana kutwa. Atasema nini, mzee keshasema?

Mwezi ujao kuna mashindano ya nahodha, na Baba ameshaandika majina yetu pamoja kwenye orodha. Mke wangu anasema nivumilie, baba yake ameshakuwa mtu mzima na furaha yake ni hiyo. Rafiki mmoja ananishauri nimwone katibu wa mashindano kimya kimya anihamishie kundi jingine. Wakati mwingine naona bora niseme nina safari. Halafu yule mchezaji wa nne ameniambia kwamba anachofanya Baba kinakatazwa na kanuni. Ni kweli? Na kama ni kweli, mimi niliyenyamaza nina kosa?

Nimemeza mate hadi koo limekauka. Nisaidie.

Mkwe, Tudor

JIBU

Marahaba mwanangu.

Umebanwa pawili. Unataka kucheza mpira wako mwenyewe siku ya mashindano, na hutaki kumvunjia heshima mtu aliyekupa binti yake, kisha akakupa na mchezo wenyewe. Mchezo huu mtu husimama peke yake na kila kosa lina jina lake, ndiyo maana sauti ya nyuma inakera kuliko ingekera kwenye kandanda.

Nianze na kanuni. Ni kweli. Katika mashindano ambayo kila mtu ana kadi yake, mchezaji haruhusiwi kumshauri mwenzake fimbo ya kushika, namna ya kupiga au mbinu ya kulicheza shimo. Adhabu ni mapigo mawili, na inamwangukia aliyeshauri. Wewe uliyesikia bila kuuliza huna adhabu. Ungemgeukia ukasema, "Baba, nichukue ngapi?" ungekuwa na mapigo yako mawili, kwa sababu kuomba ushauri nako kumekatazwa. Anayeruhusiwa kukushauri ni kedi wako. Lakini si kila neno ni ushauri. Kukwambia bendera iko mita 135, au bunka liko upande gani, au kanuni inasemaje, hakuna ubaya. "Mita 135" ni halali, "saba hiyo" si halali.

Kuhusu kunyamaza kwako, kinachowatoa watu mashindanoni ni wachezaji kukubaliana kuipuuza adhabu wanayoijua. Ninyi hamkukubaliana lolote. Ya Jumamosi yamekwisha, na adhabu ambayo mchezaji hakuijua haifukuliwi baada ya mashindano kufungwa. Ila sasa umejua. Kanuni zinatarajia kwamba ukimwona mwenzako anakosea bila kujua, umwambie yeye au kamati kabla hajarudisha kadi. Kwa hiyo kimya cha mwezi ujao hakitakuwa kimya cha Jumamosi. Sikutishi. Nasema tu kwamba lile shauri la mke wako, la kuvumilia, limebadilika uzito tangu yule wa nne alipokuambia.

Sasa tuiweke kadi mezani, maana umeniandikia kana kwamba alama zote zilizopotea zilipotezwa na mdomo wa Baba. Mimi naona sababu zaidi ya moja.

La 11, neno lake lilikukuta fimbo iko juu, na hilo lingemharibia yeyote. Lakini mpira wa muda hauhitaji ruhusa ya mtu. Ukihofia kwamba wa kwanza umepotea au umetoka nje ya mpaka, unatamka wazi, "Huu ni wa muda," ndipo unapiga, kabla ya kwenda kutafuta. Usipotamka, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako na wa kwanza umekufa hata ukionekana. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu. Ukiwa umepiga wa muda, hurudi kwenye tii mbele ya macho ya watu. Tena hii ni Stableford: ungeliacha shimo likawa sifuri, ukaenda la 12 na pumzi zako. Ulitembea kwenda na kurudi, ukamaliza kwa mapigo 7, na sifuri ikabaki ile ile.

La 13 ndilo lenye uzito, kwa sababu wewe ulikuwa umeona sawa. Upepo wa usoni wa kama kilomita 15 kwa saa hula karibu fimbo moja nzima, yaani unahitaji fimbo ndefu zaidi, na bendera iliyonyooka ni upepo mkubwa kuliko huo. Namba 5 haikuwa woga. Halafu ile saba ukaipiga kwa nguvu. Kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo mpira unavyozunguka kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaoupandisha. Upepo ukiupokea kule juu unasimama, kama ulivyoeleza mwenyewe. Dawa ni fimbo ndefu na pigo la taratibu: shika chini kidogo ya kawaida, sentimita 2 au 3, mpira usogee nyuma kidogo kwenye nafasi ya miguu, mikono isipande zaidi ya robo tatu. Fanya mazoezi ya pigo hilo hadi liwe lako, kwa sababu mtu mwenye pigo analoliamini ni vigumu kumwambia "saba hiyo" akarudisha fimbo mkobani.

Tazama na saa. Mlitoka saa mbili, kwa hiyo la 13 mlilifikia karibu saa sita. Msimu wa kusi, upepo wa pwani wa asubuhi si upepo wa saa sita. Zile alama 17 ulizipata hewa ikiwa bado pole. Hukunieleza ulikula nini, lakini saa tano na nusu juani kwa chai ya alfajiri hazitoshi. Tende chache na maji kila baada ya mashimo mawili au matatu, kabla kiu haijakuuma, vingekusaidia. Soda moja ya katikati si chakula.

La 14 mlikosea wote wawili, yeye kwa kusema na wewe kwa kukubali. Mpira uliotulia ukichukuliwa na kunguru, na imejulikana hivyo kwa hakika, hakuna adhabu. Unaweka mwingine pale ulipokuwa, au pale mnapokadiria kwamba ulikuwa. Kunguru wa Mombasa wangekuwa na adhabu, hakuna ambaye angemaliza shimo. Ungeuweka hivyo, mapigo yako yangekuwa 5, si 6, na alama 2, si 1. Ila ukirudisha kadi yenye pigo la ziada, linabaki, kwa hiyo 26 yako ni 26. Siku nyingine mkikosa hakika, piga mipira miwili kwenye shimo hilo, tangaza mapema ni upi unataka uhesabiwe, kisha uiulize kamati kabla ya kurudisha kadi. Hilo nalo si kumpinga mtu mzima. Unaweza kusema, "Baba, nitacheza yote miwili tukaulize," na hakuna aliyeaibika.

Ndipo tunafika la 17. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa amenyamaza, na huko ndiko ulikoharibu kupita kote. Naomba ulitafakari hilo bila haraka. Yawezekana bado ulikuwa unamsikia. Yawezekana ulikuwa unamsubiri aseme. Au ulikuwa umechoka tu, mpira unapigwa kichwani kwa sababu miguu imekufa na kifua kinainuka kabla ya fimbo kufika. Ukihamishiwa kundi jingine mwezi ujao na la 17 likawa vile vile, utajua lipi?

Na yeye je? Umechukulia kwamba hakuamini. Pengine. Lakini mzee wa hendikepu 23 anayemwona mkwewe amefika 17 kwa fimbo alizompa huenda anaona kadi yako kama nusu yake. Wapo pia wanaoongea kwa sababu wao wenyewe wana wasiwasi, na kumwelekeza mwingine kunawatuliza. Sijui yake ni ipi. Unayeweza kujua ni wewe, kwa kumtazama: je, husema zaidi mchezo wake unapomharibikia, au wako?

Hizi njia ulizozitaja, kila moja ina bei. Kumwona katibu kimya kimya ni rahisi siku hiyo, na makatibu wamezoea maombi kama hayo. Lakini klabu ni ndogo. Orodha ikibandikwa na jina lako liko kwingine, mzee atauliza, na atakayemjibu huenda asiwe wewe. Ukiamua hivyo, afadhali asikie kwako kabla ya karatasi kupanda ukutani. Safari ya uongo inakupa Jumamosi moja. Mashindano hayaishi, na mke wako atalazimika kuutunza uongo huo mbele ya babake.

Kusema naye kunakutisha kwa sababu unawaza utamwambia, "Unanisumbua." Kanuni imekupa mlango mwingine. Adhabu inampata yeye, kwa hiyo unaweza kwenda kwa upande wa kumlinda, na usingekuwa unadanganya. Kwa mfano: "Baba, nimesoma habari za kushauriana kwenye mashindano, nikaona kila ukinisaidia mapigo mawili yanaingia kwenye kadi yako. Sipendi kadi yako iharibike kwa sababu yangu. Siku hizo niachie nikosee, tukimaliza unisahihishe." Yaseme nyumbani kwake, baada ya kula, mkiwa wawili. Usiyaseme uwanjani, na wala si mbele ya yule wa nne. Hatari ni kwamba atacheka aseme, "Kanuni za watoto hizo," au atanyamaza kwa namna utakayoielewa. Ukiogopa hilo, yupo mtu anayemsikiliza? Nahodha akizikumbusha kanuni hizo kwa wote kabla ya kutoka, hakuna atakayejua nani alimwomba.

Ukimwomba anyamaze, mpe na pa kusemea. Kanuni haikatazi ushauri kabla ya mzunguko wala baada yake. Jioni moja kwa wiki, mashimo 9, iwe klabuni kwenu au pale Mombasa Golf Club kando ya bahari, aongee apendavyo hadi magharibi. Huenda ukagundua kwamba nusu ya anayosema ni sawa, isipokuwa yanafika saa mbaya.

Kedi wako nawe umemwacha mkono mtupu. Mwambie mapema kwamba mkifika kwenye mpira, yeye ndiye wa kwanza kusema: umbali, upepo, fimbo. Mjibu kwa sauti ya kusikika, "Namba 5, sawa," kisha usimame nyuma ya mpira. Mtu hupata shida kuingia pale ambapo maneno yameshasemwa. Haimzuii mzee aliyeazimia, lakini inampunguza, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kuhusu mke wako, sidhani kama mmemaliza mazungumzo. Anapokwambia uvumilie, anamhofia babake, anakuhofia wewe, au anahofia kukaa katikati yenu siku ya sikukuu? Muulize. Yeye anamjua huyo mzee miaka mingi kabla yako, na huenda anajua saa ambayo neno kama hili humwingia.

Kama hendikepu nayo inakuumiza, ipumzishe. Katika mfumo wa dunia ulioanza 2020, huchukuliwa wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Mzunguko wa alama 26 kwa kawaida hauingii kwenye hayo manane, na shimo la sifuri lina kikomo chake, halihesabiwi zaidi ya hapo hata ungepiga mapigo 12.

Iko njia moja ambayo hukuitaja. Klabu nyingi huwa na mashindano ya pea, ambapo kila mmoja hucheza mpira wake na alama bora ya wawili ndiyo inayoandikwa. Humo wenza wanaruhusiwa kushauriana watakavyo, kwa hiyo "saba hiyo" ya Baba inakuwa halali, na kadi yenu huandikwa na mtu wa pea nyingine. Hendikepu hupunguzwa kidogo, kwa kawaida huchukuliwa asilimia 85. Ubaya wake ni kwamba unaweza kumthibitishia kuwa kazi yake ni kukuelekeza, kisha mashindano ya kadi binafsi yakawa magumu zaidi. Uzuri wake ni kwamba utakuwa na kitu cha kumpa mkononi siku utakayomwomba akuachie yale mengine. Ya nahodha kwa kawaida ni ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hayatatuliki hivyo. Angalia kalenda ya klabu uone pea ijayo ni lini, na orodha ya mwezi ujao inafungwa siku gani, maana hiyo ndiyo inayokupimia muda wa kuongea naye.